Rili ya Kumi na Nne

Siku za mwizi ni arobaini, ndivyo tunavyoambiwa. Fundi Rili alikuwa amejaliwa miaka arobaini na mmoja, kwa hiyo hakuwa na haki ya kulalamika. Lakini mtu akikaa na siri muda mrefu huanza kuiona ni mali yake halali, na mali halali haitoki mkononi bila maumivu. Jumatatu ile asubuhi aliweka kikombe chake cha chai mezani, akamtazama mjukuu wake wa kike aliyesimama mlangoni na simu mkononi, akauliza kwa sauti ndogo, "Umeipata wapi?"

"Mtandaoni, babu. Filamu ya tarishi, yenyewe kabisa! Kuna watu wa hifadhi ya filamu wameisafisha, haina hata mkwaruzo. Tena nimewatafutia yenye maandishi ya Kiswahili chini, mtaelewa kila neno. Jumapili mnatimiza miaka arobaini na mmoja ya ndoa, tunaitazama wote hapa sebuleni. Ndiyo zawadi yenu."

"Yote?"

"Yote, mume wangu. Mwanzo mpaka mwisho."

"Mke mwenzangu ana akili," bibi yake akadakia kutoka jikoni. "Mimi nimeolewa na mwendesha sinema na hajawahi kuniletea hata picha ya ukutani."

Fundi Rili akacheka kwa heshima ya utani. Moyoni alikuwa ameshakufa na kuzikwa.

Alikuwa ameendesha mashine kwa miaka ishirini na sita katika sinema pekee ya mji wao, jengo ambalo siku hizi linauza magodoro. Filamu za Kihindi ndizo zilizolijaza, na zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na za miungu na wafalme, ambamo watu waliruka angani, na za mapenzi, ambamo watu walilia mvuani. Mjini hakuna aliyejua Kihindi, na hilo halikumzuia mtu yeyote kuelewa. Filamu ilifika kwa lori ndani ya makopo ya bati, kila filamu rili kumi na nne, yaani magurudumu ya mkanda, na mwendesha mashine aliipitisha peke yake kwanza, ukumbi ukiwa mtupu, kuhakikisha haina mahali palipokatika. Kwa hiyo kwa saa chache Fundi Rili alikuwa mtu pekee mjini aliyejua nani atakufa na nani ataolewa. Madaraka kama hayo humharibu mtu.

Sasa, filamu yenyewe. Tarishi maskini mwenye baiskeli anapenda msichana wa nyumba ya kona. Daktari tajiri naye anampenda, na kwa kuwa daktari ana kazi nyingi, anaandika barua. Barua hizo anazipeleka nani? Tarishi. Rili kumi na tatu nzima masikini ya Mungu anabeba mapenzi ya mwenzake kwenye mfuko wa ngozi, anaimba, analowa. Rili ya kumi na nne msichana anachagua. Anamchagua daktari.

Fundi Rili aliiona rili hiyo siku ya Jumanne, akiwa kijana wa miaka ishirini na minne, na akaona ulimwengu mzima umekula njama dhidi yake. Kwa maana wiki hiyohiyo palikuwa na posa mbili nyumbani kwa binti mmoja wa mtaa wa nyuma. Moja ilikuwa yake, kijana wa shati moja zuri. Nyingine ilikuwa ya mwana wa mwenye duka la vitambaa, kijana wa gari. Baba wa binti, mtu mkali lakini aliyechoka kuombwa, alikuwa amesema, "Achague mwenyewe, anijibu kabla ya Ijumaa." Na Jumatano asubuhi palikuwa na onyesho la akina mama, ambalo binti huyo hakosi, yeye na shangazi yake.

Wewe ungefanya nini? Usijibu haraka.

Pembeni mwa chumba cha mashine yalikuwapo makopo ya filamu ya wiki iliyopita, ya miungu, yakisubiri lori. Rili yake ya mwisho ilikuwa harusi: bwana harusi na taji, maua yanadondoka mawinguni, bibi harusi amesimama juu ya ua kubwa linaloelea. Waigizaji walikuwa walewale. Enzi hizo waigizaji walikuwa wachache na kazi nyingi, mtu alikuwa mungu Jumatatu na tarishi Jumatano. Rangi haikuwa tatizo, kwani picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na hata mungu aliyepakwa buluu alionekana kijivu tu, kama mtu aliyekosa usingizi. Palikuwa na jambo dogo moja. Bwana harusi alikuwa na mikono minne.

Jumatano, wimbo wa mvua ulipokuwa unamalizika kwenye rili ya kumi na tatu, Fundi Rili aliiacha rili ya daktari ndani ya kopo lake, akaipachika ya miungu kwenye mashine ya pili, akafumba macho, akawasha. Ukumbi ukanyamaza. Tarishi aliyekuwa amelowa chapachapa sasa amekaa kwenye kiti cha enzi, ana taji, ana mikono minne, na msichana wa nyumba ya kona anamvisha shada. Mwanamke mmoja akapanda juu ya kiti na kutangaza, "Amepandishwa cheo!" Vigelegele vilivyofuata vilisikika mpaka sokoni. Mwanamke huyo alikuwa shangazi wa binti.

Alhamisi jibu likaja: binti anamtaka wa mashine. Shangazi alizunguka mtaa mzima akisema filamu ndiyo iliyoamua, kwamba leo ni tarishi, kesho ana mikono minne, msimdharau mtu. Wanaume wakasikia, wakaja kwa wingi kudai mikono minne, na mwenye sinema, alipoambiwa kwamba filamu imeletwa hivyohivyo, aliona hana sababu ya kuuliza zaidi. Kwa wiki mbili mji mzima ulishuhudia mwisho ambao hakuna mtu mwingine duniani amewahi kuuona. Lori lilipokuja, makopo ya filamu zote mbili yakarudi yalikotoka, ndoa ikafungwa, na Fundi Rili akabaki na mke mzuri aliyempata kwa hila.

Mbaya zaidi, alimpenda. Angekuwa hampendi angelala vizuri. Lakini kila walipopata shida alimwona yule tajiri. Paa la sebule lilikuwa linavuja upande wa dirishani tangu binti yao akiwa darasa la tatu, na yeye alikuwa analiziba kwa vipande vya mpira na ahadi. Kila tone lililoanguka kwenye ndoo aliona linamwambia: huyu angekuwa kwa mwenye vitambaa, angelala chini ya paa la zege. Mwenye vitambaa mwenyewe siku hizi alikuwa na jengo la ghorofa tatu, na wakikutana njiani alisalimia kwa adabu, "Shemeji hajambo?" Adabu hiyo ilimuuma kuliko tusi.

Na filamu ile ilikuwa ndiyo hadithi ya nyumba. Mkewe aliwasimulia watoto tangu wadogo: baiskeli, barua, nyumba ya kona, mvua. Alisimulia vizuri, na sauti zote. Lakini akifika kwenye mvua husimama na kusema, "Mwisho muulizeni baba yenu, ndiye mwenye mashine." Fundi Rili aliona hiyo ni heshima, naye akaongeza chumvi. Baada ya miaka kadhaa maua ya mawinguni yalikuwa yameshakuwa mvua ya dhahabu na tembo walikuwa wanapiga magoti.

Wiki ile alipigana kadiri ya uwezo wake. Jumanne alitoa hotuba kuhusu umeme wa Jumapili, jinsi ulivyo mbovu na unavyounguza televisheni za watu. Hakuna aliyesikiliza. Jumatano alichukua waya unaounganisha simu na televisheni akauficha ndani ya debe la unga. Jioni mkewe akatoka jikoni ameushika kwa vidole viwili.

"Mzee, tangu lini waya unapikwa?"

"Panya hao."

"Panya wamefungua mfuniko, wakaufunga tena?"

"Panya wa siku hizi," akasema, na akaingia chumbani.

Ijumaa alishikwa na presha. Binti yao, ambaye ni muuguzi, alikuja na kipimo chake, akamfunga mkono, akasikiliza, akafungua. "Baba, presha yako ni ya kijana wa miaka ishirini. Unaumwa nini hasa?" Akajibu kwamba anaumwa uzee. Binti akamwambia uzee hauna dawa na kwamba Jumapili ataleta bisi.

Basi Jumapili saa nane mchana wakakaa: mke kwenye kiti chake karibu na dirisha, chini ya lile doa la paa, binti na mumewe kwenye kochi, mjukuu sakafuni na waya uliopona. Fundi Rili akajiweka nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyezoea kutazama filamu akiwa na njia ya kukimbilia moto ukizuka.

Filamu ilikuwa nzuri kuliko alivyoikumbuka, na hiyo nayo ilikuwa adhabu. Maandishi ya chini yalianza kubomoa mji mzima. Yule mama mzee aliyemlilia tarishi kila rili, ambaye wao wote walimjua kuwa ni mama yake, kumbe alikuwa mwenye nyumba anadai aondoke chumbani. Na daktari! Mji ulimchukia daktari yule mpaka watoto wakamtungia wimbo. Kumbe barua zake zilikuwa za mtu mwungwana, aliyeona haya, aliyeuliza hali ya mama wa msichana kabla ya kusema lake.

"Mbona daktari ni mtu mzuri tu?" mkwe akasema.

"Nyamaza utazame," Fundi Rili akasema kwa ukali usio na sababu.

Alikuwa na mpango. Kila rili inapokaribia kwisha, filamu za zamani huonyesha doa jeusi juu kulia, kumwambia mwendesha mashine awashe mashine ya pili. Angehesabu madoa kumi na matatu, halafu angeinuka na kuchomoa waya wa umeme ukutani kwa bahati mbaya. Akatazama pembe ya juu ya televisheni mpaka macho yakatoa maji. Doa halikuja. Watu wa hifadhi, Mungu awasamehe, walikuwa wamesafisha kila kitu pamoja na madoa. Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini na sita akiongozwa na alama moja sasa hakujua yuko rili ya ngapi. Ghafla akasikia ngurumo, na mvua ikaanza kumnyeshea tarishi.

"Simamisha!"

Mjukuu akashtuka, akabonyeza. Tarishi akaganda mdomo wazi katikati ya wimbo.

Fundi Rili alikuwa amesimama. Hakuwa amekusudia kusema, alikusudia kuchomoa waya, lakini miguu ilikataa na mdomo ukakubali. Akasema yote. Akaanza na Jumanne, akaenda Jumatano, makopo, harusi ya miungu, mikono minne. Akasema mwisho wanaoujua ni wa filamu nyingine, na kwamba katika ya kweli msichana anaolewa na daktari.

"Nilikudanganya, mke wangu," akamaliza. "Ulinichagua kwa sababu ya picha niliyoibandika mimi. Kama ungeuona mwisho wake halisi, leo usingekuwa unakaa na ndoo chini ya dirisha. Nimekunyima maisha yako. Sasa unajua."

Binti akaweka mkono mdomoni. Mkwe akaanza kutafuta kitu ndani ya bakuli la bisi. Mkewe alikuwa anamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kuiona, uso umekunjamana kama anayejaribu kukumbuka alipoweka funguo.

"Mzee," akasema mwishowe, "mimi huo mwisho nimeuona lini?"

"Jumatano ile. Na shangazi."

"Shangazi aliuona. Mimi sijaona mwisho wa filamu hata moja maishani mwangu." Akaanza kucheka, kwanza kwa pua. "We hujui baba yangu alikuwa anarudi saa ngapi kula? Saa saba kamili, na chakula kiwe mezani. Wimbo wa mvua ukianza tu, mimi natoka. Kila filamu. Shangazi alikuwa na nyumba yake, yeye anabaki, halafu anakuja kutusimulia. Zamu ile tu hakunisimulia, alikuwa anapiga kelele za mikono, mikono, nikajua amepatwa na joto." Sasa alikuwa anafuta machozi kwa upande wa khanga. "Watoto nawaambia mwisho wamuulize baba yao, mnadhani nilikuwa natunza heshima? Nilikuwa siujui!"

"Lakini ulinichagua," Fundi Rili akasema. Ilikuwa ajabu. Miaka arobaini na mmoja aliogopa kuonekana mwizi, na sasa alipoambiwa hakuiba kitu, aliona kama ameibiwa yeye. Kazi yake kubwa kuliko zote, na hakuna aliyeitazama. "Kama siyo filamu, ni nini?"

"Kama ulitega mtego, ulimnasa shangazi. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Alikusifu mpaka kaburini, Mungu amrehemu." Akakunja khanga mapajani. Alipoendelea hakuwa anacheka tena.

"Nilikuwa natokea mlango wa pembeni, chini ya ile ngazi yako ya chuma. Joto la mashine lilikuwa linakufanya uache mlango wazi. Nikiinua macho nakuona mgongo. Ukumbi mzima unalia, hata mkata tiketi anachungulia kwenye pazia, wewe hugeuki. Uko na rili yako, unaifuta, unaipachika taratibu. Siku ile ya tarishi nilisimama kabisa, nikasahau hata moto. Ulikuwa umeinama hivi, jasho linakutoka, mikono inakutetemeka kwa uangalifu. Nikasema moyoni, mwanaume anayeiheshimu kazi yake namna hii hawezi kumfanyia mtu hila. Nikaenda nyumbani, nikawasha moto, kesho yake nikamwambia baba."

Mkwe, ambaye hesabu zake zilikuwa nzuri lakini adabu ilichelewa, akasema, "Kwa hiyo wakati ule ndipo alipokuwa ana—" na binti akamkanyaga mguu.

Fundi Rili akafungua mdomo. Akamtazama mjukuu wake, mjukuu akatingisha kichwa polepole: babu, usithubutu. Akaufunga. Aliona aibu, na ndani ya aibu aliona furaha chafu isiyo na jina, akakaa chini na vyote viwili.

"Endeleza," mke akasema. "Nami leo nione mwisho."

Mvua ikaendelea. Kisha ikaja rili ya kumi na nne, ambayo mji wao haukupata kuiona. Msichana yuko kwenye nyumba kubwa yenye taa kila pembe. Mlango unagongwa. Ni tarishi, ameleta simu ya maandishi ya pongezi za harusi. Msichana anasaini, anamshukuru, tarishi anapanda baiskeli na kwenda zake akiimba, mpaka anakuwa nukta. Msichana anafunga mlango. Ndani daktari anasema jambo, naye anacheka, kicheko cha kweli, cha mtu aliyetulia. Halii hata tone. Mwisho.

Hakuna aliyeinuka. Mwanamke yule aliyekosa miisho yote ya maisha yake aliendelea kutazama televisheni iliyokwisha kuwa nyeusi.

"Kumbe," akasema. "Alifanya vizuri tu."

Akainua macho taratibu kwenye doa la paa juu ya kichwa chake, akalitazama muda kidogo, akarudisha macho chini.

"Bora nilikuwa nawahi nyumbani."

Halafu akaenda jikoni kuweka maji ya chai, na Fundi Rili akabaki na sentensi ile. Aliigeuza juu, akaigeuza chini, usiku kucha. Upande mmoja ilikuwa baraka. Upande wa pili ilikuwa na makali ya kukata mkate. Alitaka kumwamsha amuulize ni upande upi, lakini aliogopa kujibiwa.

Jumatatu asubuhi, bila kuambiwa na mtu, alinunua bati jipya na misumari, akaazima ngazi, akapanda. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano na ngazi ilikuwa inacheza. Mkewe akatoka, akaishika kwa mikono miwili. Fundi Rili akaweka msumari wa kwanza, akainua nyundo, kisha akageuka kumtazama chini, apate kujua anamtazama kwa jicho gani.

"Tazama kazi yako, mzee," mkewe akasema. "Usinitazame mimi."